Kodi Ibaki Mapendo

Papa yangu alikuwa mutu wa kueleza. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, alianza kwa kukueleza upepo. Ulikuwa ugonjwa wa kazi. Kwa miaka mingi alikuwa muganga wa ng'ombe kule Masisi, akipanda na kushuka milima na sanduku lake la dawa, na wachungaji wa kule hawakubali sindano iguse ng'ombe wao mpaka umewaambia ni ya nini, imetoka wapi, na nani ameilipia. Alipopumzika kazi tulishuka Goma, tukajenga nyumba ya mbao katika kartie ya Mapendo. Sanduku aliwaachia wenye kazi. Kueleza alikuja nako. Watu wote wa kartie walimuita Docta, na yeye hakuwakataza.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, miaka ya abakosti, koti la kuvaa bila tai, na ya kuitana sitwayeni, yaani raia. Chama kilikuwa kimoja tu, lakini mwaka ule kilitangaza kwamba kila kartie itajichagulia konseye wake wa kuisemea kwenye baraza la zoni, na kwamba wagombea wanaweza kuwa zaidi ya mumoja. Papa alisikia habari hiyo kwenye radio wakati wa kula. Alisimama, kipande cha bugali mukononi, akasema, "Mimi nitasimama."

"Umekwisha kusimama," Mama alimujibu. "Kaa, sombe inapoa."

Sababu yake ilikuwa moja, na ilikuwa pale mezani inakula pamoja naye. Mapendo hatukuwa na maji. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, mawe yanainywa yote, hakuna kijito, hakuna kisima. Maji yetu yalikuwa ziwani, na kutoka ziwani mpaka kwetu ni kupanda juu ya mawe yanayokata viatu. Wanawake waliyabeba kwa bidoni mugongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa binti mukubwa, ninauza maharagi sokoni, ninaondoka alfajiri kupokea mizigo inayotoka Kiwanja. Wadogo zangu walikuwa shuleni. Basi maji yalikuwa ya Mama, na mugongo wa Mama ulikuwa umeanza kukataa. Asubuhi alisimama kwa kushika ukuta. Mwanaume kubeba maji, hilo halikuwa linafikiriwa. Hata kulisema ni kumutukana mutu. Kwa hiyo Papa hakufikiri bidoni, alifikiri bomba. Bomba moja, hapo kwenye njia panda yetu, kabla mugongo wa muke wake haujaisha.

Alianza kujaribia hotuba zake kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mulipa kodi wa nyumba.

"Kila siku ya soko unalipa takse, si njo?"

"Ninalipa."

"Inaenda wapi?"

"Inaenda tu, Papa."

"Njo hapo shida iko!" alisema, na uso wake ukang'aa.

Takse ya soko letu nilikuwa naijua kuliko yeye. Mulipishaji alipita na kofia yake na begi begani. Usipokuwa na kitu, alichota maharagi yako kwa kopo lake, na kopo lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Lakini alipofika kwa wauza vitenge waliokaa chini ya bati, wake za wakubwa, alisalimia, akauliza watoto wameamka namna gani, akapita. Mimi nilidhani Papa atasema takse ifutwe. Hapana bwana! Papa alisema takse ibaki.

"Ibaki?" nilipiga kelele. "Papa, uko upande wa nani?"

"Sikuongezei hata likuta moja. Utalipa ile unayolipa. Ila na yule wa vitenge alipe. Kisha nusu ya kodi ya Mapendo isitoke Mapendo mpaka bomba limesimama. Na kila mwezi waandike kwenye ukuta wa soko kilichoingia na kilichotoka, kwa herufi kubwa, hata mutu akiwa mbali asome."

Upande wa matumizi alikuwa mukali zaidi. Alitaka zoni ipunguze nguo mupya za wachezaji wa animasyo, wale wa kuimbia na kuchezea Chama, ambazo zilishonwa kila sherehe kama vile zile za sherehe iliyopita ziliungua. Alitaka ng'ombe wa kuwachinjia wageni wapungue. Hakusema kamwe kwamba mutu anaiba. Miaka ile ulimi ulikuwa na breki. Alisema tu, "Kodi yetu inapenda safari kuliko sisi," na kila mutu alielewa inasafiri kwenda mufuko gani.

Mugombea mwingine alikuwa mufanyabiashara mwenye kamio ya kupakia mizigo kwenye barabara ya Rutshuru. Sitasema uongo, alikuwa mutu mwema, wa kucheka, wa kubeba mama mwenye mimba katika kamio bila kumulipisha. Maneno yake yalikuwa mafupi. Takse ya soko, anaondoa yote. Bomba, analeta. Taa, analeta. Bati la soko, analeta. Papa aliposikia, alipiga mapaja yake kwa furaha. "Amejifunga mwenyewe!" alisema. "Huyu amejifunga kamba mwenyewe!"

Mukutano wa Papa ulifanyika siku ya mungu baada ya misa, kwenye kiwanja cha mawe meusi nyuma ya shule. Alivaa abakosti yake ya kijivu, ambayo hata ukiifua namna gani ilinukia dawa ya kupe. Mwakilishi wa Chama alikaa mbele kwenye kiti. Watu walijaa, wengi wao wa Masisi kama sisi, wazee na fimbo zao, mama na watoto mugongoni.

"Wasitwayeni," Papa alisema, "mutu akikuambia: sitagusa maziwa yako hata tone, na kila asubuhi nitakuletea siagi. Siagi hiyo anaitoa wapi?"

Ee, kicheko kile! Wazee walipiga fimbo chini. Kuna mama mumoja aliyerudia, "Siagi anaitoa wapi?" mpaka akakohoa. Papa akaendelea, takse moja kwa wote, nusu ibaki, ukuta wa soko. Alipofika kwa ng'ombe wa wageni, mwakilishi wa Chama alisafisha koo, na Papa akapita haraka kwenye hoja ingine. Mwishoni jirani yetu, muzee mumoja aliyekuwa na ng'ombe wengi Masisi na sasa ana viti viwili na mbuzi, alisimama akasema mbele ya wote, "Docta amesema ukweli mutupu." Makofi yakapigwa. Tulirudi nyumbani tukiwa tumekwisha kushinda. Mama mwenyewe aliimba akipika, na haikuwa kawaida yake.

Siku chache baadaye, jirani huyo alikuja jioni, akaketi, akapewa chai. Alizungumza kuhusu mbuzi wake. Kisha akasema, akitazama kikombe, "Docta, maneno tumesikia. Watu wanasema wanakungoja."

"Wananingoja? Si nilikuja?"

"Mm," alisema muzee. "Wanakungoja tu." Akamaliza chai, akaaga.

Papa alifikiri sana. Aliamua kwamba hawakuelewa hesabu. Mimi nilikuwepo, sikuelewa zaidi yake. Nilizaliwa milimani lakini nilikulia sokoni. Kesho yake aliazima ubao mweusi mudogo shuleni, na chaki, akaanza kuzunguka Mapendo, nyumba kwa nyumba, akichora mufuko wa kodi, mushale wa kuingia, mushale wa kutoka. Watu walimupokea kwa heshima. Walimupa kiti. Walitazama ubao, wakatazama mikono yake, wakatazama mulango nyuma yake kama kuna mutu mwingine anakuja. Kisha wakasema, "Aksanti sana, Docta," na alipotoka tu, walisema kati yao kwamba bado hajakuja.

Mama ndiye aliyejua. Siku ile Papa alirudi na chaki kwenye nyusi, Mama akamuonyesha mutungi pembeni ya jiko. Alikuwa amevundika ndizi, amezikamua, na kasiksi ilikuwa inachemka kidogo kidogo ndani, inataka siku moja tu iive.

"Baba watoto, hawangoji hesabu. Wanangoja hii."

Kwetu Masisi njo hivyo, na wengi Mapendo walishuka na desturi hiyo kutoka mulimani. Mutu akija kuomba, awe anaomba shamba, binti, mbegu ao musamaha, anatanguliza mutungi. Mutungi ukikaa katikati ya watu, wote wanajua: huyu ameomba. Ukikunywa, umejibu. Bila mutungi mumeongea tu, na maongezi hayafungi mutu. Papa alijua hayo yote. Alikuwa anakunywa kasiksi kama mutu yeyote wa milimani. Lakini alitazama ule mutungi vile alivyotazama ng'ombe mwenye homa.

"Nani amelipia ndizi?"

"Mimi."

"Na nikishinda, nani atakurudishia? Yule wa kamio anawamiminia bia ya chupa kila jioni. Unafikiri ni zawadi? Atairudisha. Atakuja kuichukua sokoni, kwenye maharagi ya binti yako. Mimi siwezi kusema kutwa nzima zoni ipunguze kula na kunywa, kisha niingie nyumba ya mutu na mutungi kichwani!"

"Si mutungi wa kula mali ya zoni. Ni wa kuomba."

"Mimi siombi!" Papa alikuwa sasa amesimama. "Naomba nini? Wao njo wako na lazima ya maji. Niwabembeleze wakubali kunywa maji?"

Mama aliweka mikono kiunoni. "Siku ile ulikuja kwetu kwa baba yangu, nani alikuwa na lazima? Mbona ulileta mitungi, na mbuzi, na yule shangazi yako wa kuongea bila kumeza mate?"

Mimi nilicheka. Papa hakucheka.

"Mutaka cha uvunguni sharti ainame," alisema Mama.

"Sitainama kwa sababu ya pombe."

"Sawa," alisema Mama. "Basi mimi nitaendelea kuinama. Ziwani."

Nilikasirika na Papa siku ile, na hasira hiyo haijaisha yote hata leo, ingawa kila neno lake lilikuwa la haki. Ile haki yake ilikuwa ngumu kama mawe ya njia yetu. Inasimama vizuri, lakini mutu anapita juu yake kwa miguu mitupu. Nilimwambia, "Papa, peleka tu, hata nusu ya mutungi." Akanieleza. Alinieleza tangu bugali mpaka kahawa.

Mutungi ulikaa pale siku mbili. Siku ya tatu vijana wa yule wa kamio walipita wakinunua kasiksi yote ya kartie, maana bia ya chupa ilikuwa imewaishia. Mama hakuwa mutu wa kuacha kitu kigeuke siki. Akauza. Papa aliporudi, akakuta pembeni ya jiko patupu, akauliza, akaambiwa.

"Ni biashara," alisema. "Ulipe takse."

Kwa hiyo jioni ile yule wa kamio alipokusanya watu wa Mapendo kwa mara ya mwisho, akaweka mutungi katikati, akatoa kofia, akasema, "Wandugu, wazazi wangu, naomba," kilichokuwa ndani ya mutungi ule kilikuwa kimekamuliwa na mikono ya Mama. Walisema ilikuwa tamu sana. Jirani yetu alikunywa kwa murija wa majani, macho chini.

Siku ya kura tulipanga mustari shuleni tangu asubuhi. Watu walimusalimia Papa kwa mikono miwili. Wengine walimwambia, "Siagi anaitoa wapi, Docta?" na wakacheka vizuri, bila ubaya. Jioni walihesabu mbele ya wote. Sitaki kutaja hesabu. Yule wa kamio alichukua Mapendo nzima, hata mustari wetu wa nyumba, hata nyumba zilizogusana ukuta na yetu. Papa alikwenda kumupa mukono. Mwenye kamio alimukumbatia, akamwambia bila mutani wowote, "Docta, ule mupango wa bomba utanieleza." Nafikiri alimaanisha.

Jirani alikuja nyumbani kabla jua halijazama. Papa alikuwa ameingia chumbani kuvua abakosti. Mimi nilimushika muzee pale kwenye uwanja, hata kiti sikumupa.

"Muzee, si ulisema Docta alisema ukweli?"

"Nilisema."

"Si ulipiga makofi?"

"Nilipiga. Na leo ningepiga tena."

"Basi ni nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mutu anayemutazama mutoto asiyejua salamu. "Mutoto wangu, Papa yako hakutuomba. Alitufundisha, na alitufundisha vizuri sana. Mimi mwenyewe nilikuja hapa kumwambia tunamungoja. Angeleta hata kibuyu. Yule mwingine alikuja, akaweka kitu katikati, akaomba, tukakunywa. Ukisha kukunywa ya mutu, utafanya nini? Utamutemea mate? Mukono mutupu haulambwi."

"Na maji, muzee? Maji utalamba wapi?"

"Maji," alisema, akakuna ndevu. "Maji tutaona."

Nilitaka kumufukuza. Lakini macho yake yalikuwa na machozi, nikaona huyu muzee anaumia kweli, anaumia kwa kumushinda mutu aliyempenda, na bado asingefanya ingine. Nikamuletea kiti. Mulango wa chumba ulikuwa wazi. Papa alikuwa amesikia yote. Nilingoja atoke atueleze. Hakutoka.

Asubuhi ya kesho yake nilikuwa najifunga kitenge niende sokoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mulango, amevaa, kamba ya kubebea iko magotini, bidoni tupu iko miguuni. Kawaida saa ile angekuwa amekwisha kurudi. Papa alitoka na kikombe chake cha kunyolea ndevu.

"Maji haiko?"

"Haiko."

"Unaumwa?"

"Mugongo ni ule ule."

Papa alisimama na kikombe. Mama hakuinua sauti. Alimuita vile alivyoitwa kwenye mukutano.

"Sitwayeni mugombea. Mimi sikukunywa ya mutu. Jana nilipanga mustari, nikakupigia wewe. Kura yangu ulipata. Ulisema maji yatafika Mapendo. Maji yangu iko wapi?"

Papa alifungua kinywa. Nikajua inakuja: walio wengi na walio wachache, konseye na zoni, nusu inayobaki na nusu inayosafiri. Nikajikaza kusikiliza. Kinywa kikafunga. Aliweka kikombe juu ya dirisha. Akainama, akachukua bidoni, kamba akaiacha magotini kwa Mama, akatoka.

Nilimufuata na beseni yangu kichwani, maana njia ya soko na njia ya ziwa ni moja mpaka njia panda. Jua lilikuwa limekwisha kutoka na kartie nzima ilikuwa nje. Alipita katikati ya njia, muzee mwenye mvi, bidoni ya njano mukononi inagongagonga guu lake. Wanawake waliokuwa wanapanda na maji yao walisimama na mizigo mugongoni. Watoto waliacha kucheza. Jirani yetu aliinuka kwenye kiti chake, akashika fimbo, akakosa mahali pa kutazama.

Kwetu kuna jambo moja tu linalomufanya mwanaume abebe maji, na mama mumoja aliyekuwa anafagia alishika kifua chake, akaita kwa sauti ya kilio, "Yesu wangu! Docta, bibi yako amekufa?"

"Hapana," Papa alijibu, bila kusimama. "Alinipigia kura."